Mlinzi wa Mikoba

Afande alikuja darasani na viatu vya soli nene ya mpira, aina ile inayong'ang'ania sakafu kama kupe. Ilikuwa Februari 2022. Wiki chache nyuma kumbi za starehe zilikuwa zimeruhusiwa kufunguliwa tena baada ya karibu miaka miwili ya korona, na Kampala nzima ilikuwa na kiu. Darasa langu la salsa pale Kabalagala, lililokuwa limebaki jina tu, likajaa watu wazima: makarani, wauguzi, mama mmoja muuza vitenge, na huyu sajini mstaafu.

"Mwalimu," aliniambia pembeni, kwa Kiswahili chake cha kambini, "kila sherehe mimi ndiye mlinzi wa mikoba. Mama watoto anacheza na mashemeji, mimi nabaki mezani na mikoba tano. Nimechoka. Lakini yeye asijue."

Mikoba tano! Mimi mzaliwa wa Mombasa nikameza mate, nikanyamaza. Nikamtuma soko la Owino, fundi akambandike soli ya ngozi, maana kwa mpira ule ukigeuka, goti ndilo linalolipa.

Tatizo la pili halikuwa na fundi. Salsa tunaihesabu hadi nane, lakini unakanyaga moja, mbili, tatu, halafu tano, sita, saba. Kwenye nne na nane hukanyagi. Afande alizikanyaga zote, kushoto kulia, kushoto kulia, kama yuko gwarideni, na mwenzake akawa anaokoa vidole vyake. Nikasimamisha salsa, nikaweka rumba ya Kongo, ile ambayo Desemba iliyotangulia UNESCO ilikuwa imeiingiza katika orodha yake ya urithi. Hiyo aliijua tangu ujana. Wala hazijatupana mbali: santuri za Kuba zilifika Kongo miaka ya 1930, wanamuziki wa kule wakazisikiliza, wakazitoa upya kwa magitaa yao. Rumba na salsa ni ndugu, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Akayumba wee, mpaka mabega yakashuka. Niliporudisha salsa, akasimama ghafla katikati ya wimbo.

"Kumbe nne ni doria ya usiku! Unatulia, unasikiliza, ndipo unaendelea."

Miaka yote ya kufundisha sikuwahi kuieleza vizuri hivyo. Nimeiiba, naitumia mpaka leo.

Sasa niseme siri ya sisi walimu. Mwanafunzi akiinua mkono kunizungusha, mimi huzunguka hata kama mkono wenyewe haujasema kitu, kwa sababu najua anachotaka. Anafurahi, kesho anarudi. Ni udanganyifu, lakini mtoto akikosea hucheka. Mtu mzima akikosea hutazama mlango. Kwa Afande niliamua kuacha. Nikawa gunia la makaa: usiponisogeza, sisogei. Wiki ya kwanza alinivuta mkono kama anavuta mbuzi. Wiki ya pili akawa mpole mno, nikabaki nimesimama, jasho likamtiririka hadi kwenye kola. Alikasirika, nadhani. Lakini alirudi.

Alhamisi moja ya Aprili tulikuwa tunacheza tu, mawazo yangu yako kwenye kodi ya ukumbi. Kwenye nne, ile doria yake, mkono wake wa kushoto ukapanda taratibu, na kiganja cha kulia kikanigusa mgongoni, kidogo sana, kama mtu anayesukuma mlango asiamshe watoto. Ilipofika saba nilikuwa nimeshazunguka. Sikuwa nimemsaidia hata chembe. Nikapoteza hesabu, nikaanza kucheka peke yangu, darasa zima likinitazama.

Wiki iliyofuata akaja na mkewe, amevaa gomesi ya zambarau, na mkoba mkubwa begani.

"Mama, karibu," nikasema. "Kumbe amekuambia?"

"Aniambie nini? Alisema anakwenda vikao vya ushirika. Nilijua siku ile ile ya soli. Mwanamume gani anabadilisha soli ya kiatu kizima?"

Afande alikuwa ameshanyoosha mkono, anangoja. Mama akatafuta kwa macho pa kuweka mkoba. Ukumbini hakukuwa na hata kiti. Akanitundikia mimi begani.

"Mwalimu, nishikie."