Nani Anayetujibu?

Mwaka 2014, nikiwa fundi wa mitandao Nairobi, niliwaomba marafiki wa Kasarani, Ngara na Rongai wanifanyie jambo moja wakifika nyumbani jioni: waiulize seva mzizi F jina lake, kisha wanitumie jibu pamoja na muda uliotumika.

Seva mzizi za DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, ndizo huonyesha pa kuanzia kila jina la tovuti linapotafutwa, liwe la .ke au .com. Zimepewa herufi, A hadi M, lakini nyuma ya herufi moja huwa kuna mashine katika miji mingi, zote zikitangaza anwani ileile. Hiyo ndiyo enikasti. Anwani ya F ni 192.5.5.241 popote ulipo. Ruta zilizo njiani, yaani vifaa vinavyoelekeza data, ndizo huamua mashine ipi ikujibu. Nasi tulikuwa na F yetu pale KIXP, kituo ambamo watoa huduma wa Kenya hubadilishana data bila kuipitisha ng'ambo.

Kasarani na Ngara walijibiwa na mashine ambayo jina lake lilikuwa na nbo, yaani Nairobi, kwa milisekunde chache. Rongai ikaja na ams. Amsterdam! Zaidi ya milisekunde 150.

Kwa nuru inayokimbia takriban kilomita 200 kwa milisekunde ndani ya faiba, jibu la milisekunde 2, kwenda na kurudi, haliwezi kutoka mbali zaidi ya kilomita 200. Lakini 150 ingeweza kuwa msongamano tu, kwa hiyo nikamwomba rafiki yangu afuatilie njia, ruta kwa ruta. Ilishuka Mombasa, ikaingia baharini, ikaibukia Ulaya.

Iliniuma. KIXP ilizimwa muda mfupi baada ya kuanza mwaka 2000, watu wakaipigania hadi ikafunguliwa tena 2002, ili data ya hapa ibaki hapa. Na bado swali la mtu wa Rongai lilikuwa likivuka bahari kutafuta jibu lililokuwa umbali wa safari ya matatu.

Nilimfuata fundi wa kampuni iliyomhudumia.

"Lakini sisi tuko KIXP kitambo, ndugu yangu," aliniambia.

Ni kweli, waya wao ulikuwepo. Ila ruta yao haikuwa imewahi kuanzisha mazungumzo na F kwa BGP, lugha ambayo mitandao huitumia kuelezana njia. Mashine ya Nairobi ilitangaza njia yake kwa waliounganishwa nayo pekee, ikiwataka wasiipeleke mbele. Kampuni ile ilibaki na njia moja, ile iliyoletwa na muuzaji wake wa ng'ambo. BGP haipimi kilomita; hufuata makubaliano ya wenye mitandao.

Tulikaa pamoja tukaandikia pande zote mbili zinazohusika. Mipangilio yenyewe ilikuwa mistari michache tu. Kuipatia idhini ndiko kulikochukua muda. Siku ilipowashwa, rafiki yangu wa Rongai alinitumia ujumbe: nbo, milisekunde 3. Nikamwomba sasa aiulize J, kwa kuwa nayo ilikuwa na mashine Nairobi.