Kompyuta ikiomba paswedi iseme ni ya diski gani

Juzi asubuhi mama mdogo kanipigia, steshenari kashafungua na wateja wawili wanasubiri kutoa kopi, "mwanangu, hii kompyuta inataka nifungue sda3_crypt, ndo nini tena?" Nikakaa kimya kidogo, maana jina lile niliacha mimi siku namuwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows.

Mashine yake ina diski mbili, zote nimezifunga kwa LUKS, kufuli la Linux la kuficha data kwa paswedi, moja ya mfumo na nyingine ina pasipoti saizi na vyeti vya wateja, vitu ambavyo mwizi akibeba kompyuta sitaki avione kabisa, na kila diski ina paswedi yake. Sasa ikiwaka unaona mstari mmoja kwenye kioo cheusi, Please unlock disk sda3_crypt, basi. Yeye kaona inataka paswedi kaweka ya diski ya picha, ikamjibu bad password or options? akarudia taratibu akidhani kakosea herufi, na ukiandika pale herufi hazionekani, mara ya tatu akaanza kuogopa kwamba kazi za watu zimepotea. Hilo ndo limeniuma.

Na jina lenyewe linadanganya, sda3 maana yake sehemu ya tatu ya diski iitwayo sda. Limewekwa siku ya kuinstoo, baadae tukaongeza diski ya pili na Linux ikaanza kuiita ile ya kwanza sdb, ila kwenye kuomba paswedi bado inasema sda3.

Jina hilo linatoka kwenye /etc/crypttab, faili lenye orodha ya diski zilizofungwa, neno la kwanza la mstari, kwahiyo linabadilika. Kwa Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, mimi nimeandika pale mfumo_wa_kompyuta, halafu amri ya kubadili jina la diski iliyokwisha funguliwa, sudo dmsetup rename sda3_crypt mfumo_wa_kompyuta, ndo mwisho sudo update-initramfs -u -k all. Usiruke hiyo ya dmsetup jamani, ukiiruka initramfs, yaani kile kifurushi kidogo kinachoiwasha kompyuta na kuomba paswedi, inaweza kutengenezwa bila habari za diski yako na kesho yake mashine haiwaki. Kama /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa mashine ikiwaka, nayo inataja /dev/mapper/sda3_crypt badilisha na huko. Ya pili nimeiita picha_za_wateja.

Kiingereza cha mbele bado kipo, ila jana kanipigia tena akiwa mbele ya kioo, kanisomea, "imeandika mfumo wa kompyuta, si naweka ile ndefu?"

Ndiyo mama, ile ndefu.