Nilivyotoka Law School nikaingia halmashauri kama Afisa Sheria

Wengi tuliosoma Law School of Tanzania tulikuwa na ndoto moja tu, uapishwe uwakili halafu uingie kwenye ofisi ya mawakili mjini. Mimi fildi ndo ilinigeuza. Nilikuwa kwa wakili mwenye kesi nyingi za Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na yaani unakuta mzee kauza mbuzi alipie kesi ya shamba ambalo aligawiwa kijijini bila mkutano mkuu kuidhinisha, hakuna muhtasari, hakuna saini, nikawa najiuliza hivi mwanasheria wa halmashauri angefika kule mapema hii kesi si ingekufa kabla haijazaliwa? Hapo nikajua kazi ninayoitaka.

Nikafungua akaunti Ajira Portal, ile tovuti ya kuombea kazi serikalini. Wadogo zangu, jazeni taarifa zote kabla hata tangazo halijatoka, vyeti vyote, cheti cha kuzaliwa, wadhamini watatu, na barua ya maombi isainiwe. Kama jina la cheti cha form four limepishana na la kuzaliwa, kaape na usajili hati ya jina (deed poll) mapema, usisubiri siku ya usaili.

Sasa usaili wenyewe. Kuna mchujo wa kuandika halafu mahojiano, na watu wengi wanarudia notsi za chuo mwanzo mwisho. Mimi nilichukua tangazo la kazi nikageuza kila jukumu kuwa swali. Wameandika kuandaa mikataba, basi najiuliza halmashauri ikijenga zahanati nani anafanya upekuzi wa mkataba kabla mkurugenzi hajasaini? Wameandika kusimamia mashauri, nikasoma Sura ya 5, ile sheria ya kesi dhidi ya Serikali, pamoja na yale mabadiliko ya 2020, kwamba anayeishtaki halmashauri anatoa notisi ya siku 90 na anamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Nikaongeza Sheria ya Utumishi wa Umma Sura ya 298, na Sura ya 287 ya mamlaka za wilaya nikaisoma mpaka ikachakaa. Jioni dada yangu ananiuliza maswali, namjibu kwa sauti, Kiswahili na Kingereza.

Kwenye mahojiano nikaulizwa, diwani anakubana sheria ndogo ya ushuru ianze kutumika wiki ijayo, utafanyaje? Nikaeleza hatua kwa hatua, wananchi watangaziwe watoe maoni, Baraza la Madiwani lipitishe, iende kwa waziri aidhinishe, itoke Gazeti la Serikali, na ushuru ukikusanywa kabla ya hapo halmashauri itashtakiwa na itashindwa. Naamini swali lile ndo lilinibeba.

Nilifaulu ila nafasi zikawa chache, jina likawekwa kanzidata, yaani orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi. Kipindi kile kigumu kusema ukweli, kila pdf ya kuitwa kazini ikitoka moyo unadunda. Niliendelea kumsaidia yule wakili kuandaa nyaraka, mkono usilale, mpaka siku nikaona jina langu na halmashauri ambayo sijawahi hata kupita.

Mwaka wa kwanza ni wa majaribio ndo unathibitishwa, na kujifunza kwenyewe kuko hapo. Nashinda vijijini na watendaji, tunatunga sheria ndogo za mifugo na vyanzo vya maji, tunawaeleza mabaraza ya kata kwamba tangu 2021 kwenye ardhi wao wanasuluhisha tu, hawaamui tena. Bosi wangu, mama mmoja mtulivu, aliniambia "mwanangu, ukiandika kitu ambacho mwenyekiti wa kijiji hawezi kukisoma, kaandike tena", na naandika tena kweli.

Kitu cha kujua kabla hujaaplai, ukiwa mtumishi wa umma huruhusiwi kupokea wateja wako binafsi. Kama roho yako iko kwenye wateja, piga hesabu vizuri. Mimi hilo halijanisumbua hata siku moja.