Roy Francis, winga wa Brynmawr aliyeupa ukocha sura mpya

Wapenzi wengi wa raga katika Afrika Mashariki wanaijua ile ya wachezaji saba na ile ya wachezaji kumi na watano, lakini ni wachache wanaoifuatilia raga ya ligi, mchezo wa wachezaji kumi na watatu. Chanzo chake ni mwaka 1895 mjini Huddersfield, pale vilabu vya kaskazini mwa Uingereza vilipojitenga kwa sababu viongozi wa raga walikataa wafanyakazi wa migodini na viwandani wafidiwe ujira waliokosa kila walipokwenda kucheza. Ligi ililipa, na kwa hiyo vijana wengi wa Wales waliotoka katika familia za kimaskini walihamia huko. Mmoja wao alikuwa Roy Francis, na ninaamini kwa dhati kwamba jina lake linastahili kutajwa kila inapozungumzwa historia ya ukocha, wa mchezo wowote ule.

Francis, mtu mweusi aliyezaliwa mwaka 1919, alikulia Brynmawr, mji wa makaa ya mawe kusini mwa Wales, na alipokuwa na umri wa miaka 17 akasajiliwa na Wigan. Klabu hiyo haikukaa naye sana. Mwaka 1939 aliuzwa Barrow, kisha vita vikaingia naye akawa mkufunzi wa mazoezi ya viungo jeshini. Mwaka 1946 timu ya taifa ya Uingereza ilisafiri kwenda Australia bila yeye, ingawa alikuwa miongoni mwa mawinga hatari zaidi nchini, na sababu inayotajwa tangu wakati huo ni rangi yake, kwa kuwa Australia ya siku zile ilikuwa na sera ya kuwabagua watu wasio weupe. Desemba 1947 hatimaye aliitwa kucheza dhidi ya New Zealand, akafunga trai mbili, yaani mara mbili aliugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani. Hakuitwa tena.

Alihamia Warrington, kisha Hull, na huko ndiko mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikokabidhiwa kazi ya ukocha huku bado akicheza, akawa mtu mweusi wa kwanza kufundisha timu ya kulipwa ya raga nchini Uingereza. Wakati ule kocha wa kawaida aliwakimbiza wachezaji kuuzunguka uwanja, akawakanda misuli, basi. Francis aliwataka hata wale wazito wa mbele wajifunze kukimbia kwa kasi kama wanariadha, akazirekodi mechi kwa filamu ili wachezaji wajione wenyewe walipokosea, akaitilia maanani saikolojia, na jambo ninalolipenda kuliko yote, alihakikisha wake na familia za wachezaji wanapata usafiri wa kwenda kuangalia mechi. Aliamini kwamba mtu ambaye nyumbani kwake kuna manung'uniko hawezi kujitoa kikamilifu uwanjani. Leo mambo haya yanafanywa na idara nzima za wataalamu. Yeye aliyafanya karibu peke yake.

Matunda yalionekana. Mwaka 1956, kwenye fainali ya ubingwa dhidi ya Halifax iliyochezwa Maine Road, Manchester, Hull walikuwa nyuma kwa pointi moja hadi Colin Hutton alipofunga mkwaju wa adhabu dakika za mwisho, wakashinda 10 kwa 9. Walirudia ubingwa huo mwaka 1958.

Mwaka 1963 alikwenda Leeds, na fainali yake ya Kombe la Challenge ya mwaka 1968 pale Wembley bado inasimuliwa. Mvua kubwa ilikuwa imeugeuza uwanja kuwa bwawa. Leeds wakiongoza 11 kwa 7, Wakefield walifunga trai ya pointi tatu dakika ya mwisho, na mchezaji wao Don Fox akabakiwa na mkwaju wa nyongeza wa pointi mbili, mbele kabisa ya nguzo, ambao ungewapa kombe. Mguu ukateleza, mpira ukapita pembeni, na kombe likabaki kwa Francis. Baadaye alifundisha North Sydney kwa misimu miwili bila mafanikio makubwa, akarudi Uingereza, na mwaka 1975 akawapa Leeds taji jingine. Alifariki mwaka 1989.

Kwangu mimi, hata hivyo, kazi yake kubwa zaidi haimo katika orodha ya makombe. Mwaka 1961, Francis akiwa bado Hull, klabu ilimsajili Clive Sullivan, askari kijana mweusi kutoka Cardiff aliyecheza mechi yake ya majaribio jina lake likiwa limefichwa. Mwaka 1972, miaka 26 baada ya Francis kuachwa nyumbani, Sullivan aliingia uwanjani Lyon, Ufaransa, akiwa nahodha wa timu ya taifa ya Uingereza katika fainali ya Kombe la Dunia. Wapinzani walikuwa Australia. Sullivan alifunga trai baada ya kukimbia karibu uwanja mzima, mechi ikaisha sare ya 10 kwa 10, na kombe likaenda kwa Uingereza kwa sababu ya matokeo yake bora katika hatua ya awali.