Afande na Omega Centauri

Juni ile mvua kubwa zilikuwa zimekwisha hapa Bombo, na anga lilitakata hata nikala chakula cha jioni harakaharaka. Darubini yangu ni ya kioo, kipenyo inchi 6, inazunguka juu ya kitako cha mbao. Zile zinazotaka zielekezwe kwanza kwenye Nyota ya Kaskazini hazina raha karibu na ikweta. Nyota yenyewe imelala kwenye upeo, nyuma ya migomba ya watu.

Afande, jirani yetu mstaafu wa jeshi, akapiga hodi uani. "Huo mzinga unamlenga nani leo?"

"Karibu, mzee. Shikamoo. Tunaanza na nebula ya Carina, wingu la gesi na vumbi huko angani, maana inawahi kuzama."

Akainama, akafumba jicho moja. "Naona moshi tu."

Moshi ndio wenyewe. Ile rangi nyekundu ya kwenye picha jicho haliioni. Unaona wingu la kijivu, limekatwa na mkondo mweusi wa vumbi, na ndani yake nyota moja ya rangi ya chungwa, Eta Carinae. Nikamweleza kwamba iko umbali wa miaka ya nuru kama 7,500, na kwamba mwaka 1843 iling'aa kuliko nyota zote za usiku isipokuwa Sirius, kisha ikafifia.

"Ililipuka?"

"Ilitapika tu, mzee. Bado ipo."

Msalaba wa Kusini hakuhitaji kuonyeshwa. Porini usiku ndio uliokuwa dira yao. Ila hakujua kwamba kando ya nyota ya mkono wake wa kushoto kuna kishada kizima cha nyota za buluu, na moja nyekundu katikati. Mimi hicho nakipenda kuliko nebula yoyote.

Omega Centauri, lile tufe la nyota zilizosongamana, ilikuwa nyuma ya tawi la fenesi lake. Nikamwambia tungoje kidogo, itasogea yenyewe. Wapi! Mjukuu akatumwa panga, tawi likaanguka na mafenesi mawili mabichi, mama akafoka kutoka jikoni.

Nyota kama milioni 10, umbali wa miaka ya nuru 17,000 hivi. Katikati zimeshikamana, pembeni zinaanza kuchambuka mojamoja. Mjukuu akamvuta shati.

"Babu, na mimi."

"Ngoja," akasema Afande, jicho halibanduki. "Bado nahesabu."