Usishangilie "quite good"

Msimamizi wako Uingereza akikuambia ripoti yako ni "quite good", usikimbilie simu kuwatangazia wa nyumbani. Umeambiwa ni nzuri kiasi. Imepita, lakini haijamkuna. Mara nyingi ndani ya sentensi hiyo mna "lakini" ambayo hakuitamka, na adabu ya Kiingereza inakutaka uisikie mwenyewe. Jambo hili linaudhi, na mwenye kuudhika ana haki. Mtu amefaulu mitihani ya lugha, anaendesha vikao kwa Kiingereza, halafu anapimwa kwa neno la herufi tano ambalo kamusi yake ya mfukoni ilimwambia kwamba ni "kabisa".

Kamusi haikudanganya, ila ilisema nusu. "Quite" iliingia Kiingereza katika Zama za Kati kupitia Kifaransa cha kale, na nyuma yake lipo neno la Kilatini "quietus": aliyetulia, aliye huru, asiyedaiwa tena. Ni ukoo mmoja na "quit" na "quiet". Asiyedaiwa tena amelipa lote, kwa hiyo maana ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo ya "kabisa". Maana ya "kiasi" ilizaliwa karne nyingi baadaye, ikaota mizizi Uingereza kuliko Marekani. Leo Mmarekani akisema "quite good" anasifu kweli, karibu sawa na "nzuri sana". Mwingereza akitamka maneno hayo hayo anaweza kuwa anakufariji. Aliyeishi Chicago miaka kumi kisha akahamia London anaanza upya kwa neno hili.

Sasa, utajuaje ni ipi? Tazama neno linalofuata. Jiulize kama neno hilo linakubali "very" mbele yake. "Good", "tired", "big", "expensive" na "interesting" yote yanakubali, maana ni sifa zenye vipimo: kitu kinaweza kuwa kizuri kidogo, kizuri, au kizuri mno. Kwa sifa za namna hiyo, "quite" ya Uingereza ni "kiasi". Lakini "impossible", "perfect", "dead", "empty" na "unique" hazina ngazi. Mfu hana ufu wa kiasi. Hapo "quite" inarudi kwenye asili yake: "quite impossible" ni haiwezekani kamwe, "quite perfect" ni kamilifu kabisa. Kundi hili lina pia maneno ya kupita kiasi, kama "exhausted", "brilliant" na "terrible". Kwa hiyo "quite tired" ni kuchoka kiasi, na "quite exhausted" ni kuchoka hoi. Anayeshika jozi hii moja tu ameshika nusu ya somo.

Yapo yanayokaidi kipimo hicho. "Different" inakubali "very", lakini "quite different" karibu kila mara ni tofauti kabisa. "Quite sure", "quite right" na "quite wrong" ni kabisa pia. Mtu akikuandikia kwamba alishalifanya jambo "quite clear", usidhani anamaanisha wazi kiasi. Amekasirika na anakukumbusha kwamba ulielezwa. Na "I'm quite happy to wait" haipimi furaha yake. Anasema yuko radhi kusubiri, hana kinyongo.

Kipimo cha pili ni sikio, na hapa ndipo vitabu vingi vinapowaacha watu njiani. Mwingereza akiweka mkazo kwenye "good", sauti ikashuka na kutua, amesifu: nzuri, pengine kuliko alivyotarajia. Akiweka mkazo kwenye "quite", sauti ikashuka kisha ikainuka mwishoni kama ya mtu ambaye hajamaliza, jiandae. Kasoro inakuja, au imeshakuja bila kutamkwa. Kiswahili nacho kina mambo yake ya namna hii. Mgonjwa anayejibu "sijambo kidogo" hajasema amepona, na kila Mswahili anamwelewa. Ugumu wa "quite" ni kwamba ilikuja kwetu kwa maandishi, sauti yake ikabaki kwao. Jizoeze kusikiliza wanavyoizungumza wenyewe kwa wenyewe, redioni au kazini, ukihesabu mkazo unaangukia wapi. Wiki chache za kusikiliza hivyo zinafaa kuliko orodha yoyote ya kukariri.

Kwenye barua pepe hakuna mkazo wala kiimbo, na ndiko watu wanakoumizana zaidi. Ukimwandikia mwenzako kwamba wazo lake ni "quite interesting" ukidhani umempamba, yeye anaweza kusoma kwamba halijakuvutia. Hatakuambia. Ushauri wangu kwa anayejiandaa kuja: mwaka wa kwanza usiitumie kabisa kusifu kwa maandishi. Andika "very", au taja hasa kilichokupendeza. Zaidi ya yote usiiweke kwenye barua ya kumpendekeza mtu kazi. "Quite reliable" kwa mwajiri wa Uingereza inasikika kama onyo la upole, na wewe ulitaka kusema mtu huyu anaaminika mno.

Kwa daktari nako ni hatari, na hapa sina upole. Ukisema maumivu ni "quite bad", anaweza kusikia maumivu ya wastani. Sema "very bad" au "severe", toa namba kati ya 10, kisha eleza unachoshindwa kufanya: huwezi kulala, huwezi kupanda ngazi, huwezi kumeza. Heshima yetu ya kutolalamika ikikutana na neno hili, mgonjwa anarudishwa nyumbani na dawa za kutuliza maumivu.

Mbele ya vitenzi hali ni ile ile. "I quite like it" ni napenda kiasi, naweza kuishi nalo. "I quite agree" ni nakubali kabisa, na "I quite understand" ni nakuelewa bila shaka yoyote. Kupenda kuna ngazi. Kukubali, kwa Mwingereza, kumekamilika.

Ikikanushwa, maana inageuka "bado kidogo". "Not quite ready" ni imekaribia kuwa tayari, imebaki sehemu ndogo. Lakini "I'm not quite sure that's right" kikaoni ni namna ya adabu ya kukuambia umekosea. Usijibu kwa kumtoa wasiwasi, kana kwamba tatizo ni mashaka yake. Pitia hesabu zako upya. Kitu kikiwa si kizuri sana, usiseme "not quite good". Wenyewe husema "not very good".

Kwenye idadi neno hili linafanya kinyume na anachotarajia mgeni. "A few" ni wachache, ila "quite a few" ni wengi. "Quite a bit" ni nyingi, "quite some time" ni muda mrefu. Wakala wa nyumba akisema "quite a few people" wameshakuja kuangalia chumba, usitulie ukidhani washindani ni wawili watatu.

Mpangilio nao una kanuni. "Very" hukaa baada ya kibainishi, yaani kile kineno "a": "a very good book". "Quite" hutangulia: "quite a good book". Anayesema "a quite good book" ataeleweka, ila sikio la mwenyeji litashtuka. Pia haikai mbele ya sifa za kulinganisha. Hakuna "quite bigger". Sema "much bigger" au "a bit bigger". Mojawapo inayoruhusiwa ni "quite better", na maana yake ni kwamba mgonjwa amepona kabisa.

Halafu kuna "quite" ya kukemea, ambayo mgeni hupitwa nayo kwa sababu sauti haipandi. "That's quite enough" ni imetosha, nyamaza. "Have you quite finished?" inaonekana kama swali la kutaka kujua kama umemaliza, kumbe ni karipio kwa mtu aliyepitiliza. Usijibu "bado dakika mbili". Lakini "that's quite all right", baada ya kuomba radhi, ni salama: hamna neno kabisa. Yote matatu yanatumia maana ya kale, ya ukamilifu.

Nasisitiza jambo moja kwa wenzetu waliopanda vyeo na sasa wanasimamia wageni kama wao. Mnapotoa tathmini, semeni wazi nini kimefaa na nini hakijafaa. Mnajua fika anavyolisikia neno hili aliyefika juzi. Kumwacha aondoke na furaha isiyo yake ni kumnyima nafasi ya kurekebisha kazi mapema.

Kwenye tahajia, angalia vidole vyako. "Quite" hutamkwa silabi moja, kwait, na "quiet", yaani kimya, ni silabi mbili. Programu za kusahihisha maandishi mara nyingi hupitisha kosa hili kwa kuwa yote mawili ni maneno halali, kwa hiyo tangazo la "please be quite" hubandikwa ukutani likakaa.

Na ukisikia Mwingereza, hasa mzee, anaitikia hoja yako kwa neno hilo peke yake, "Quite", kisha akanyamaza, hajakatizwa. Amesema "hasa", yuko pamoja nawe. Endelea na hoja yako.