Siku moja maishani mwangu: fundi cherehani wa Kariakoo mwenye sukari na presha

Saa kumi na moja alfajiri

Sukari 6.2 (milimoli kwa lita). Presha 134 kwa 84. Nimeziandika zote mbili kwenye daftari kabla sijafungua hata dirisha, maana nikisema nitaandika baadaye, jioni nitakuwa nabuni. Leo ni kliniki, kwa hiyo sijanywa chai wala sijameza dawa za sukari. Nimemeza ya presha tu, kwa maji.

Kwa wasionijua: nina miaka 48, naishi Mbagala, nashona magauni ya vitenge na sare za sherehe Kariakoo. Sukari aina ya pili nimekaa nayo miaka tisa, presha imeitangulia kidogo. Mwaka jana nilikuwa na kilo 94, sasa nina 81. Watu wananiuliza nimekunywa nini. Sijanywa kitu. Nimeacha soda na chai ya sukari, nimepunguza ugali na wali, nimeongeza mboga, natembea. Hiyo ndiyo siri yote na haina chupa ya kuuza.

Kikapu cha leo kina mayai mawili ya kuchemsha, tango, karanga za kukaanga bila chumvi za kujaza kiganja, na chupa ya chai ya tangawizi na mdalasini. Uji wa lishe niliuacha. Najua nitawaudhi wengi, maana kila mgonjwa akitoka hospitali anapikiwa huo. Lakini nafaka ukizisaga zikawa laini kama poda, ukazipika zikawa nyepesi, tumboni hazina kazi ya kufanya, zinaingia kwenye damu mbio. Kuongeza karanga na soya kunasaidia kiasi. Kwangu mimi kikombe kimoja kilinifikisha 12.8.

Nimejuaje? Kwa kupima kwa jozi. Stripu za kupimia sukari ni ghali na mimi si tajiri, kwa hiyo sipimi hovyo. Nachagua chakula kimoja nacho nakipeleleza: napima kabla ya kula, napima tena saa mbili baada ya tonge la kwanza. Wiki nyingine nachagua kingine. Sahani iliyojaa wali wa nazi ilinipa 13.4. Robo sahani ya wali uleule, na samaki na matembele yamejaa upande wa pili, ikanipa 8.9. Ugali wa dona ni afadhali ya sembe kwa sababu una makapi yake, lakini dona nalo ni wanga, ukila mlima utapanda mlima. Ni mwili wangu huo, wako utakuambia mengine.

Saa moja asubuhi

Benchi la kliniki limeshajaa. Hospitali siitaji jina, haina ubaya kuliko nyingine. Sista ametoa somo la afya: acheni sukari, acheni chumvi, acheni mafuta, acheni wanga. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza, “Sasa sista, tule viti?” Tukacheka, na sista akacheka, lakini jibu hatukupata. Hapo ndipo somo letu linapopwaya kila mara. Tunaambiwa vya kuacha, hatuambiwi kiasi. Mimi ningepewa dakika tano mbele pale ningechora sahani tu: nusu mboga za majani, robo samaki au maharage, robo ugali. Basi, nendeni nyumbani.

Kwenye benchi kuna kliniki ya pili inaendelea. Dada mmoja anasifia maji ya bamia zilizolala usiku kucha, mwingine mlonge. Sibishani nao. Bamia nazila sana, mlonge ni mboga nzuri. Ninachouliza ni kimoja tu: “Dawa zako za hospitali bado unameza?” Akinyamaza, najua.

Mizani imesoma 81. Presha waliyonipima ni 152 kwa 90, na nimeomba irudiwe baada ya kukaa, kwa sababu nilikuwa nimetoka kupanda ngazi na nilikuwa naongea wakati mkanda unajaa upepo. Sista alinitazama kidogo. Nikamwambia, “Samahani sista, nyumbani leo ilikuwa 134, naomba tuione tena nikitulia.” Ikaja 138 kwa 86. Imeandikwa hiyo ya pili. Kama ningenyamaza, pengine leo ningeongezewa kidonge kwa sababu ya ngazi.

Saa tatu na robo

Mlangoni kwa daktari nilivua viatu na soksi nikaingia peku. Ujanja huu nilifundishwa na mama mmoja wa Tandika: mgonjwa wa sukari akiingia na viatu vyake, miguu haitazamwi, muda hautoshi. Akiingia peku, daktari ataitazama hata kwa mshangao.

Daktari ni kijana, mpole, macho yake kwenye kompyuta.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nina mambo matatu, la kwanza ndilo kubwa.”

Naanza hivyo siku zote. Wengi wetu tunaanza na mgongo na usingizi, halafu lile la maana tunalisema tumeshika kitasa cha mlango.

“Sukari ya leo nzuri,” akasema. “Tuendelee na dawa zilezile.”

“Ya alfajiri nzuri. Naomba uangalie za saa tano asubuhi.” Nikamsogezea daftari. Nimezizungushia kalamu nyekundu zilizoshuka mno: 3.4, 3.6, 3.2.

Akaacha kuandika. “Ulikuwa unajisikiaje?”

“Natetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla. Mkasi mkononi nauona una ncha nne.”

Akauliza dawa nilianzishiwa nikiwa na kilo ngapi. Nikamwambia 94, na asubuhi nilikuwa nakula chapati mbili na chai ya maziwa yenye sukari. Natumia metformini na glibenklamidi. Hivi ni vidonge vya sukari. Metformini peke yake kwa kawaida haishushi sukari ikaanguka. Glibenklamidi ndiyo inayolikamua kongosho litoe insulini, umekula hujakula, yenyewe inakamua tu. Mimi nimepunguza mwili, nimepunguza chakula, kidonge kimebaki kilekile. Gauni la kilo 94 huwezi kumvalisha mtu wa kilo 81 ukasema limemkaa. Hilo kwa fundi halihitaji kusomea, lakini kwenye faili langu uzito ulikuwa unaandikwa kila kliniki na hakuna aliyeutazama pamoja na dawa. Na kwa kasi ile ya foleni, sioni angeutazama nani kama si mimi.

Ameiondoa glibenklamidi. Metformini inabaki. Amenipangia kupima zaidi kwa wiki mbili, na zikianza kupita 10 mara kwa mara nirudi bila kusubiri tarehe. Nimemwomba aiandike kwenye daftari langu kwa mkono wake, akaandika. (Wewe unayesoma, usiache yako kwa sababu mimi nimeondolewa yangu. Nenda na namba zako.)

La pili lilikuwa la kuuliza tu. Nimesoma juu ya utafiti wa Uingereza uitwao DiRECT, matokeo yake ya kwanza yalitoka 2017. Watu wenye sukari aina ya pili isiyozidi miaka sita, wasiotumia insulini, waliwekwa kwenye chakula cha kunywa cha kalori 825 hadi 853 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka mmoja, 46 katika kila 100 sukari yao ilikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Kwa waliopungua kilo 15 au zaidi walikuwa 86 katika kila 100. Nikamuuliza, mimi nikifika huko?

Akasema miaka yangu tisa imepita ya wale watu, kwa hiyo nisizibebe namba zao kama zangu, lakini kila kilo inayoshuka inaisaidia presha na sukari hata kama dawa haziishi. Nimelipenda jibu lile kwa sababu hakunipa ahadi. Halafu nikamwonyesha kile kilichonigusa zaidi kwenye utafiti huo: watu wale walisimamishiwa vidonge vya sukari na vya presha siku ileile walipoanza chakula, huku wakiangaliwa. Watafiti walijua mapema kwamba chakula kikipungua na dawa lazima iguswe. Akatikisa kichwa, akatabasamu. “Mama, ungekuwa daktari.” Nikamwambia cherehani inanitosha.

La tatu: miguu ameiona na kuigusa kwa ule uzi wa plastiki wa kupimia ganzi, nimeusikia kote. Macho nimepewa rufaa, mkojo wa kuangalia figo nimeacha maabara. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu nimelipia mwenyewe, na nimeomba majibu kwa namba. “Iko sawa” si jibu. Mwaka juzi iko sawa yangu ilikuwa asilimia 8.9, ambayo kwa kipimo hicho iko juu.

Nje ya geti nikala mayai na tango, nikameza metformini.

Saa tano na nusu

Nimeshuka Bendera Tatu, nikatembea hadi Kariakoo kupitia Gerezani. Jua kali, malori, wapiga debe. Ndiyo mazoezi yangu, gym siijui.

Dukani binti ninayemfundisha ameshakata mikono ya sare za kitchen party ya Jumamosi. Amenitazama usoni kwanza kabla ya kunisalimia, ni kawaida yake saa hizi. Anajua kwenye droo kuna sukari na kikombe: nikianza kuongea ovyo, vijiko vitatu kwenye maji, nipime baada ya robo saa. Leo sijatetemeka.

Saa saba

Mteja wangu wa siku nyingi kaja kupima gauni. Nimemzungushia futi kiunoni, yeye kanizungushia macho.

“Mama Neema, umekonda! Kwema kweli?”

Na ile sauti ikashuka, mnaijua. Dar ukinenepa umependeza, ukipungua mume hakutunzi, au una umeme, yaani virusi vya UKIMWI. Mwanzoni nilikuwa nanywea. Siku hizi naongea kwa sauti ya kawaida, duka zima lisikie: “Nina sukari na presha shoga, nimepunguza mwili kwa makusudi. Wewe umepima lini?” Kimya. Halafu, kama kawaida, swali la pili linakuja la kweli: mama yake anayo, anaamka usiku kukojoa, je, na yeye? Nimemwambia dalili hiyo aipeleke akapimwe.

Kisha nikampa namba moja ya kifundi. Mwanamke kiuno kikipita sentimita 88, ambazo kwenye futi yetu ni kama inchi 35, hatari ya haya maradhi imeshapanda. Chake inchi 39. Changu kilikuwa 43, leo ni 37, bado nina safari. Suruali na sketi zangu nimezipunguza mwenyewe, faida pekee ya ufundi isiyolipiwa kodi.

Saa nane

Kwa mama ntilie. “Ugali nusu, mboga mbili, samaki wa kuchemsha, mchuzi usiuwekee vile viungo vya pakiti.” Vile vya unga ni chumvi iliyovaa koti la njano. Kiasi cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo dagaa wakavu na mkate vimeshahesabiwa.

Zamani alikuwa ananuna, akidhani namkosoa mapishi. Nilimwita pembeni nikamweleza ugonjwa, nikamwambia bei ibaki ileile hata ugali ukiwa nusu. Hapo uso ukafunguka. Leo ameniwekea mlenda na mchicha bila kuulizwa, na dereva wa bodaboda kaagiza “kama ya fundi”.

Saa tisa hadi saa kumi na mbili

Kazi tu. Sare kumi na mbili, zipu, ovaloki, umeme umekatika kidogo ukarudi. Kila nikimaliza gauni nasimama kwenda kupiga pasi, ili nisikae mchana mzima. Mwenye sherehe kaleta soda za mafundi. Chupa ya kawaida ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Nimechukua maji, binti kachukua mbili.

Saa mbili usiku

Nyumbani wifi yupo, kaja kutusalimia. Nilipojipakulia robo ya wali na kisamvu kingi akamgeukia kaka yake: “Huyu mtu mnamnyima?” Baba Neema akajibu akiwa anatafuna, “Wifi yako ndiye anayetunyima sisi, hata soda hainunuliwi humu.” Nikamwachia wifi wali wangu wote uliobaki, amani ikarudi.

Sasa nipo kwenye kundi la kamati ya harusi ya mpwa wangu. Menyu imewekwa: pilau, biriani, chapati, chipsi, viazi, soda kreti 40. Mboga hakuna hata jani. Nimeandika kwamba wazee wengi kwenye meza ya mbele wana sukari, naomba kachumbari nyingi, mchicha, samaki wa kuchoma na maji ya kutosha, na kama bajeti inabana kreti tano za soda zigeuzwe. Mwenyekiti kajibu kwa kidole gumba. Mhasibu kaandika, “Mama Neema, harusi au kliniki?”

Nimemwambia na michango yangu ataipata baada ya menyu mpya.